Mariana na ng'ombe wasiohesabiwa

"Mwenzetu, kutwa nzima umekaa kwenye kiti, jioni unasema umechoka. Umechoshwa na nini?"

Sauda, anayekaanga maandazi mtaa wa Nsemulwa, alimuuliza jirani yake Mariana Luhende swali hilo mwaka jana, alipomwona anarudi kazini akijishika kiuno. Mariana alifikiri kidogo, akasema: "Nimechoshwa na mikato."

"Mikato ipi?"

"Ile ya kwenye maandishi. Kialama kile chenye mkia kama kiluwiluwi."

Sauda alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Haya, na mimi kesho nitasema nimechoshwa na hewa iliyomo ndani ya maandazi!"

Leo hii, Septemba 1997, Sauda hacheki tena habari za mikato. Mji mzima wa Mpanda, kuanzia Kashaulili sokoni mpaka stesheni, umesikia kisa cha visima na ng'ombe, na wengi wameshajua kwamba Mariana, au Mama Suzana kama anavyoitwa mtaani, ndiye aliyekuwa ameketi mbele ya ile kompyuta.

Saa mbili asubuhi, katika chumba kimoja nyuma ya soko la Kashaulili, Mariana anakunja kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika kompyuta. Anakikunja mara nne, anakiweka juu ya kabati. Anafuta vumbi mezani kwa kiganja, maana kiangazi hiki vumbi la Mpanda linaingia hata kwenye chumvi. Kisha anainamisha kichwa, anajifanyia ishara ya msalaba, na ndipo anapobonyeza swichi.

Nje, jenereta inakohoa, inashika. Dizeli ya ofisi ni ya kupimwa, kwa hiyo mashine hufanya kazi mpaka adhuhuri tu. Mchana ni wa kukagua makaratasi.

Pembeni yake ameketi Gaspar, kijana mrefu mwenye sauti ya kwaya. Gaspar ndiye mhoji: anakwenda vitongojini na pikipiki ya mradi, anakaa na wenye kaya, anauliza maswali ya maji na kuandika majibu. Akirudi mjini anasoma, Mariana anaandika.

"Watu?" anauliza Mariana.

"Tisa."

"Ng'ombe?"

"Wawili."

"Dakika za kwenda majini?"

"Arobaini."

Vidole vya Mariana havitafuti herufi. Vinajua njia, kama miguu inavyojua njia ya kisimani. Kila baada ya jibu anapiga mkato, jibu lingine, mkato tena. Kaya moja, mstari mmoja.

Mara Gaspar anatamka neno ambalo ofisini hapo limekuwa kama kiitikio: "Wazi."

"Wazi," anaitikia Mariana, na anapiga mkato wa pili papo hapo, bila kitu katikati. Anautazama kwenye kioo cha kompyuta. Anatikisa kichwa, ameridhika. Wanaendelea.

Mradi huu ni wa visima. Unapita wilaya ya Mpanda kuuliza kila kaya inachota maji wapi na kwa muda gani, ili gari la kuchimba likija liende kwanza penye shida kubwa. Majibu yakishaingizwa, yanatiwa kwenye diski, diski inatiwa kwenye kopo la biskuti ili isiingiwe na vumbi, na kopo linapanda treni ya Tabora. Huko yupo mtakwimu wa mradi, Bwana Evarist. Yeye ana programu ya takwimu inayosoma faili la Mariana, kutafuta wastani na kupanga vijiji kwa zamu.

"Mimi napanda, yeye anavuna," anasema Mariana. "Lakini mbegu ikikaa nje ya shimo, hata mvunaji awe hodari namna gani, atavuna majani."

Ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Inyonga, kwa Wakonongo, mtoto wa mlina asali. Alimaliza darasa la saba, akajifunza kupiga chapa kwa masista, akaolewa na Yotham, fundi cherehani, wakahamia Nsemulwa. Wana watoto watatu, wa kwanza ndiye huyo Suzana. Kwa miaka mingi alipiga chapa barua za watu na mialiko ya arusi. Mashine ile ilikuwa na mkono wa chuma uliokwama kila penye herufi "r".

Mradi ulipotangaza kazi, alikwenda bila kujua kompyuta inafananaje. "Nilidhani nitakuta kitu kikubwa kama mashine ya kusaga," anasema, na anacheka kwa kujifunika mdomo. "Nikakuta kijisanduku. Nikasema, ee Mungu, hiki nitakiweza."

Analipwa shilingi elfu arobaini na tano kwa mwezi, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Si nyingi, anasema, lakini zinakuja, na mume wake hakai tena akisubiri arusi za watu ndipo nyumbani kuliwe nyama.

Shida ya kwanza ya kazi hiyo haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kwa ng'ombe.

Kando ya njia ya Inyonga, ndani ya pori la miyombo, kuna kitongoji kinachoitwa Mwahingi. Wanaokaa huko ni wafugaji, Wasukuma waliohama kutoka kaskazini na mifugo yao. Ni watu wakarimu. Mgeni hatoki bila kunywa maziwa. Lakini kuna swali moja hawalijibu, hata ukiwapigia magoti: una ng'ombe wangapi?

Kwao, kumtajia mgeni idadi ya mifugo ni kujiitia balaa. Mtu hutaja rangi, hutaja pembe, hutaja ng'ombe fulani mama yake alikuwa nani. Idadi hataji. Gaspar alipouliza Mwahingi, kila nyumba ilimjibu neno moja: "Zipo."

"Mara ya kwanza nikaandika hivyo hivyo kwenye fomu," anasema Gaspar. "Ng'ombe: zipo. Dada Mariana akanitazama mpaka nikaona aibu."

"Mashine pale inataka namba, haitaki neno," anaeleza Mariana. "Nikamwambia, mtu akikataa kusema, acha wazi. Na mimi nitaacha wazi."

Ndivyo walivyofanya. Kaya zote za Mwahingi ziliandikwa hivyo: watu, mkato, halafu pa ng'ombe pakavu, mkato mwingine, dakika za kwenda majini, chanzo cha maji, na mwisho watu walioumwa tumbo mwezi ule. Chanzo kinaandikwa kwa namba: moja ni bomba, mbili ni kisima, tatu ni mto au dimbwi. Diski ikaingia kwenye kopo, kopo likapanda treni.

Mwezi wa nane majibu yalirudi, yamechapwa kwenye zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Kwa desturi ya mradi, karatasi hupelekwa kwanza kwenye mkutano wa kata na kusomwa hadharani, kaya moja moja, ili mwenye kusahihisha asahihishe. Baada ya hapo orodha ya visima inafungwa. Gari la kuchimba lilitarajiwa kupita kabla ya mvua za vuli, kisha liende upande wa Sumbawanga, na mwaka kesho halina ahadi ya kurudi. Kitongoji kisichokuwa kwenye orodha kitaendelea kuchota kinapochota.

Gaspar alikuwepo kwenye mkutano huo. Mpaka leo akiusimulia anasimama, maana anasema hawezi kuusimulia amekaa.

Vijiji vya wakulima vilisomwa, watu wakaitikia, hakuna neno. Ikafika Mwahingi. Karani wa kata akasoma kwa sauti kubwa jina la mwenyekiti wa kitongoji: "Ngolo. Watu kumi na wanne. Ng'ombe mia moja na hamsini. Maji, dakika tatu. Chanzo, kisima."

Halafu mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Kumbe nyie Mwahingi mna kisima mnatuficha!"

Karani hakuinua macho. "Ngusa. Watu tisa. Ng'ombe mia moja na thelathini. Maji, dakika tatu. Chanzo, bomba."

Hapo mkutano ukavunjika kwa kicheko. "Bomba! Ngusa ana bomba! Ngusa, chai inachemkia bombani?" Ngusa, ambaye mtoto wake alikuwa ameumwa tumbo wiki nzima kwa maji ya dimbwi, aliinama chini. Mzee Ngolo yeye hakuinama. Alisimama, akauliza jambo moja tu: hayo maneno yameandikwa wapi?

"Mpanda," akajibiwa. "Kwenye kompyuta."

Mwahingi iliwekwa mwisho kabisa wa orodha, mahali ambapo gari halingefika kabla ya kwenda Sumbawanga. Watu wenye kisima cha dakika tatu na ng'ombe wa kutosha kuozesha vijana wote wa kata wana shida gani?

Mzee Ngolo alifika Kashaulili kwa baiskeli, amefunika kichwa kwa kofia ya kahawia ambayo jua limeila rangi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akaingia na fimbo yake.

"Mwangaluka, mayu," alisema. Hiyo ni salamu ya kwao ya asubuhi, na mayu ni mama.

"Mwangaluka, baba. Karibu kiti."

Hakukaa. "Mayu, nani alikwambia ng'ombe zangu ni mia na hamsini?"

"Hakuna aliyeniambia, baba."

"Basi ulikuja usiku ukazihesabu?"

Gaspar alitaka kucheka. Mzee akamgeukia. "Wewe ulikaa kwangu. Ulikunywa maziwa, ukaongezwa. Uliniuliza ng'ombe, nikakwambiaje?"

"Ulisema zipo, baba."

"Nilisema zipo. Sasa kwenu nyie zipo ndiyo mia na hamsini?" Akagonga fimbo sakafuni, si kwa nguvu. "Mimi mwenyewe sizihesabu kwa mdomo. Jioni nasimama mlangoni mwa zizi, zinapita. Ambayo haikurudi naijua, kwa sababu pale pake pako wazi. Sikuhitaji namba tangu baba yangu. Nyie mmenipa namba mbele ya watu. Na hicho kisima cha dakika tatu, nionyesheni kilipo. Wake zangu wamekitafuta hawajakiona."

Chini ya kila karatasi huandikwa herufi za kwanza za jina la aliyeingiza majibu, na herufi zile zilikuwa za Mariana. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. Lakini anasema kilichomuuma zaidi ni uso wa mzee yule. "Alinitazama kama mtu aliyemkaribisha mwizi bila kujua."

Alimwomba mzee asogee, akafungua faili. Mstari wa Ngolo ulikuwa pale pale alipouacha. Kumi na nne, mkato, hakuna kitu, mkato, mia moja na hamsini, mkato, tatu, mkato, mbili.

"Kwangu uko sawa," alisema polepole. Kisha akachukua ile karatasi ndefu ya Tabora akailaza chini ya kioo. Mia moja na hamsini, zilizokuwa dakika za kwenda dimbwini, zilikuwa zimekaa mahali pa ng'ombe. Tatu, yaani dimbwi lenyewe, imekaa mahali pa dakika. Mbili, watu wawili walioumwa tumbo nyumbani kwa Ngolo, imekaa mahali pa chanzo, na mbili pale ni kisima. Kwa Ngusa mgonjwa alikuwa mmoja, na moja ni bomba.

Kila namba ilikuwa ya kweli. Zote zilikuwa zimesogea nyumba moja.

"Baba," alimwambia mzee, "namba ni zako, lakini zimehama. Sijui zimehamaje. Nipe muda, nitajua."

Mzee Ngolo aliitazama tena ile karatasi. Akavaa kofia. "Nitarudi," alisema.

Mariana alikwenda posta kumpigia simu Bwana Evarist, Tabora. Alirudi jioni akiwa ameishiwa sauti kwa kupiga kelele kwenye laini mbovu. Njiani alimkuta Sauda anakunja biashara yake, akamweleza yote pale pale barabarani.

"Kwani mzee mwenyewe anao wangapi?" Sauda aliuliza.

"Sijui. Na sitaki kujua."

"Hata kidogo?"

"Sauda, mtu amekataa kusema. Mimi nani nimchungulie zizini?"

Bwana Evarist alishuka na treni wiki iliyofuata, na mfuko wa kompyuta begani. Ni mtu mpole, mnene kidogo, asiyependa kelele. Kwa mujibu wa Mariana, hakufika na lawama. Alifika na njaa, akala maandazi ya Sauda manne kabla ya kuketi.

Walifungua faili pamoja, kila mmoja na mashine yake. Yeye alisoma alichokiona upande wa programu, Mariana alisoma alichoandika.

"Dada Mariana, hapa umeruka jibu."

"Sijaruka. Pameachwa."

"Kuacha na kuruka, kwa mashine ni yale yale."

"Kwa mashine. Kwangu hapana."

Evarist alijikuna kidevu. Gari la kuchimba lilikuwa limeshatoka Tabora, na orodha ilitakiwa kufungwa kabla hajapanda treni ya kurudi. Akatoa ushauri wa haraka: penye wazi kote Mwahingi, Mariana aweke sifuri. Mstari utajaa, namba zitarudi mahali pake, kitongoji kitapata zamu yake, kazi imekwisha.

Mariana aliweka mikono mapajani.

"Sifuri ni kusema hana," alisema.

"Ni kujaza tu."

"Hii karatasi itasomwa tena mbele ya watu, Bwana Evarist. Juzi tumemwambia mzee ana mia na hamsini. Kesho tumwambie hana hata mmoja? Msukuma, hana hata ndama?"

Gaspar, aliyekuwa mlangoni, alitia neno: "Atakuja na fimbo mbili."

"Na nyie mnaopanga birika la kunyweshea mifugo kando ya kisima," Mariana aliendelea, "mkiona sifuri mtaliweka wapi?"

Hapo ndipo alipomweleza Evarist habari ya baba yake. Kule Inyonga, mizinga ya magome huning'inizwa juu ya miti, kila mmoja na mti wake, mbali porini. Msimu wa kukagua, baba yake alipita chini ya kila mti na kugonga. Penye nyuki paliitika. Pasipo nyuki palikaa kimya, na mzee alisema, "Huu mtupu," akaenda mti unaofuata. Hakuwahi kuruka mti kwa sababu mzinga wake ni mtupu. Angeruka mmoja, ule wa mbele angeuita kwa jina la huu, na siku ya kulina angepanda mti usio na asali.

"Mzinga mtupu nao una mti wake," alisema Mariana. "Usiutie asali usiyoiona, wala usiung'oe. Upite, useme mtupu, uende mbele."

Evarist alivua miwani. "Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Kuna neno la kuiambia."

Aliielekea mashine yake, akatafuta zile amri alizoiandikia programu. Aliiambia, wakati ule Tabora, kwamba kati ya jibu na jibu kuna mkato. Hilo lilikuwa sawa. Lakini programu hiyo, kwa mazoea yake, hudhani alama mbili zikifuatana ni moja iliyorudiwa, kama ambavyo mtu akiacha nafasi mbili kati ya maneno hatuhesabu kuwa kuna neno limekosekana. Ili itambue kwamba mkato ukifuatwa na mkato pana jibu lisilokuwepo, ni lazima iambiwe waziwazi. Kuna neno fupi la kuongeza kwenye amri. Alikuwa analijua toka chuoni.

"Sikuliweka," alisema. "Vijiji vya wakulima vilijibu kila kitu, mistari ilijaa, sikuona sababu. Nikasahau kabisa kwamba kuna watu hawajibu."

"Na mimi sikukuandikia kwamba kuna mapengo," Mariana alimjibu. "Kwangu yalionekana, nikadhani na kwako yataonekana."

Akaongeza neno lile. Akairudisha programu isome upya. Mahali pa ng'ombe, kuanzia kwa Ngolo mpaka kaya ya mwisho ya Mwahingi, ikatokea nukta moja moja, ndogo, ambayo ndiyo namna ya programu hiyo kusema hapa hakuna jibu. Dakika mia na hamsini zikarudi kwenye dakika. Dimbwi likarudi kwenye chanzo. Bomba la Ngusa likatoweka.

Gaspar alipiga kigelegele cha mwanamke. Evarist alicheka mpaka akakohoa. Mariana alisema, "Asante Yesu," akaenda kuzima jenereta kabla dizeli ya kesho haijaisha.

Tangu siku hiyo wana utaratibu wao. Faili likishasomwa na programu, kabla ya kutafuta wastani wowote, Evarist anachapa mistari michache na kuirudisha kwa kopo lile lile la biskuti. Mariana anailinganisha na alichoandika: wa kwanza, wa mwisho, na siku zote mmoja wa wafugaji. Jina lenye mkato ndani yake, kama mtu anayesema anakaa Inyonga, ng'ambo ya mto, analifungia ndani ya alama za kunukuu ili mkato ule usidhaniwe ni ukuta. Na kila diski sasa inakwenda na kikaratasi cha mkono wake kinachosema: yapo mapengo, yaachwe mapengo.

Mkataba wake umeongezwa, safari hii mwaka mzima. Orodha mpya ilisomwa kwenye kata wiki iliyopita na Mwahingi imo, ya tatu kutoka juu, pamoja na birika la mifugo. Ukubwa wa birika watakubaliana na wenyeji wakati wa kuchimba. "Wataonyesha kwa mkono," anasema Gaspar. "Kuanzia hapa mpaka pale. Hakuna atakayetaja namba."

Katika mkutano huo karani alipofika kwa Ngolo alisoma watu kumi na wanne, kisha akasema, "Ng'ombe, hakusema," akaendelea na dakika. Hakuna aliyecheka. Ngusa, Gaspar anasema, aliinua uso.

Mariana ana mpango. Januari, Mungu akipenda, Evarist amemwombea nafasi ya kwenda Tabora wiki mbili kujifunza programu yenyewe, ili faili lisomwe hapa hapa Mpanda kabla ya kupanda treni. Yotham amekubali kukaa na watoto. Sauda amekubali kumpikia Yotham, kwa sharti kwamba Mariana akirudi amweleze tena ile habari ya mkia wa kiluwiluwi, maana anasema ya kwanza hakuisikiliza vizuri.

"Nataka nione kwa macho yangu inavyosoma," anasema Mariana. "Nimeiandikia mistari mingi. Sijawahi kukaa upande wake."

Anataka pia kubadilisha nyasi za paa la jikoni ziwe bati. Hilo analisema kwa sauti ya chini, kana kwamba bati likisikia litapanda bei.

Saa tano inakaribia. Jenereta bado inaunguruma. Kivuli kinasimama mlangoni: kofia ya kahawia iliyoliwa na jua, fimbo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Umekuja."

"Nilisema nitarudi." Mzee Ngolo anavua kofia. "Pale kwenye mkutano nimesikia. Nataka kuona."

Mariana anamvutia kiti, na safari hii anakaa. Anafungua faili, anashuka nalo taratibu mpaka mstari wake. Anaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Hili ni jina lako. Hawa ni watu wako, kumi na wanne."

"Kumi na watano. Mmoja amezaliwa."

"Hongera, baba. Tutamwandika." Kalamu inasogea. "Hapa ndipo pa ng'ombe."

Mzee anainama. Anasogeza kidole karibu na kioo lakini hakigusi. Kuna mkato, na kuna mkato mwingine.

"Pameandikwa nini?"

"Hapajaandikwa kitu."

"Na hii ya mbele yake?"

"Mia moja na hamsini. Ni dakika za kwenda dimbwini. Imekaa mahali pake."

Kidole kinarudi nyuma, kwenye ile nafasi iliyo katikati ya alama mbili. Kinakaa hapo muda mrefu, na mzee anatazama kama anavyotazama mtu aliyesimama mlangoni mwa zizi wakati wa jioni. Gaspar anafungua mdomo. Mariana anamtupia jicho, naye anaufunga.

Mzee Ngolo anainuka. Anavaa kofia, anachukua fimbo yake, anasema, "Pabaki hivyo hivyo, mayu," na anatoka.